Msing'oe EFI: Kabureta Si Dawa ya Gari Lisilopimwa

Kuna hukumu moja inayotolewa kila siku chini ya miembe na mabati ya gereji za jua kali, kutoka Oyugis mpaka Isebania, na kutoka Rodi Kopany hadi Sori. Gari ni Toyota Corolla ya zamani, ile "91" au ile "mia", yenye stika ya EFI iliyofifia kwenye kioo cha nyuma. Asubuhi inakataa kuwaka. Ikiwaka inamisi, inatoa moshi mweusi, na mafuta yaliyotiwa Homa Bay yanaisha kabla safari haijaiva. Fundi anafungua boneti, anasikiliza kidogo, anatikisa kichwa. "Mwalimu, hapa kompyuta imeenda. Hii kitu tutoe, tuweke kabureta, upumzike." Mwalimu naye, aliyekwisha kuchoka kusukuma gari mbele ya wanafunzi wake, ana swali moja tu: "Itakuwa pesa ngapi, fundi?"

Hukumu hiyo imezoeleka hadi hakuna tena anayeidai ushahidi. Madereva wa teksi wanairudia, wauza spea wanaiunga mkono, na wenye magari wanapeana kama ushauri wa kindugu: EFI ya kale haitengenezeki. Mimi napinga. Mfumo wa EFI, yaani wa kunyunyiza petroli kwa amri ya kompyuta, uliomo katika Corolla, Carina na Starlet za mwishoni mwa miaka ya 80 na za miaka ya 90 ni miongoni mwa mifumo rahisi kabisa kutafutiwa kosa, kwa sababu karibu kila sehemu yake ina kipimo kinachojulikana. Kinachoyaua magari haya ni ubashiri, na ubashiri huo tunaugharimia sisi wenyewe wenye magari.

Wanaotetea kabureta wana hoja tatu, na si hoja za watu wajinga. Ya kwanza, kwamba EFI ilitengenezwa kwa lami ya Japani na haiwezi joto, vumbi na mashimo ya Ndhiwa. Ya pili, kwamba ikizeeka hunywa mafuta kuliko lori. Ya tatu, ambayo ndiyo nzito, kwamba ni kompyuta, na bila mashine ya kuisoma fundi wa mtaani hana la kufanya. Ilhali kabureta hufunguliwa kwa bisibisi kando ya barabara, ikapulizwa, ikarudishwa, safari ikaendelea.

Kabla ya kuzijibu, tujue hofu hii ilikotoka, maana haikuzaliwa Nyanza. Mwaka 1958 kampuni ya Chrysler ya Marekani iliuza magari machache, kama 35 hivi, yenye mfumo wa kampuni ya Bendix ulioitwa Electrojector. Hayo yalikuwa magari ya mwanzo kabisa kuwafikia wanunuzi yakiwa na nozo zinazofunguliwa kwa umeme. Yalisumbua. Vifaa vya umeme vya wakati ule havikustahimili joto na unyevu wa chini ya boneti, na mengi yalirudishwa gereji yakafungwa kabureta. Kwa hiyo fundi wa Rongo anayeng'oa EFI leo anarudia uamuzi waliouchukua mafundi wa Marekani zaidi ya miaka 60 iliyopita. Wao walikuwa na sababu. Lakini wazo la Bendix halikufa: haki zake zilifika kwa Bosch ya Ujerumani, ambayo mwaka 1967 ilileta D-Jetronic katika Volkswagen 1600, kisha L-Jetronic mwaka 1974. Wajapani wakaichukua elimu hiyo, wakaiboresha, na miaka 20 baadaye ikawa ndani ya gari la kawaida la mtu wa kawaida. Mfumo unaodharauliwa Homa Bay ulikuwa umeshapita utoto wake kabla Corolla ya kwanza ya "91" haijatoka kiwandani.

Na wala si mfumo wa siri. Pampu iliyo ndani ya tangi husukuma petroli hadi kwenye bomba lenye nozo. Regyuleta hushikilia presha isipande wala kushuka ovyo. Nozo ni bomba dogo linalofunguliwa na umeme kwa sehemu chache za elfu moja za sekunde; likifunguliwa muda mrefu, mafuta mengi; muda mfupi, mafuta machache. Kompyuta kazi yake ni kuamua muda huo. Nayo haibahatishi: huuliza hewa iliyomo ndani ya manifoldi ina presha gani, injini inazunguka kwa kasi gani, maji yana joto gani, hewa inayoingia ina joto gani, mguu wa dereva umekanyaga kiasi gani, na moshi umebakiwa na oksijeni kiasi gani. Maswali sita, sensa sita. Fundi anayeweza kueleza kuelea kwa boya ndani ya kabureta, jeti kubwa, jeti ndogo, choki na pampu ya kukanyagia, hawezi kuniambia kwamba maswali sita yamemshinda.

Tuje kwenye barabara. Kama EFI haiwezi Afrika, basi Safari Rally ilikosea kwa miaka mingi. Mwaka 1984 Björn Waldegård alishinda mashindano hayo ya Kenya akiendesha Toyota Celica Twin Cam Turbo, gari la EFI. Mwaka 1985 Juha Kankkunen akashinda na gari hilohilo, na 1986 Waldegård akarudia. Mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan alishinda akiwa ndani ya Celica, nayo EFI. Najua nitajibiwa nini: timu zile zilikuwa na ndege, magari ya huduma na mafundi wa Ulaya. Ni kweli. Ila ndege humletea fundi kipuri tu. Haiwezi kuuzuia mfumo usichoke kwa vumbi na makorongo.

Hata hivyo hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Tusimame stendi ya Homa Bay tuhesabu Probox. Ndizo zinazobeba walimu, wagonjwa, magunia ya omena na abiria wasio na mahali pa kuweka miguu, kutoka Mbita mpaka Migori, usiku na mchana. Probox imetoka kiwandani tangu 2002 ikiwa na EFI. Sijasikia fundi akisema Probox haiwezi barabara zetu, wala sijaona mtu akiifunga kabureta. Msemaji wa "EFI haifai huku" hurudi nyumbani jioni ndani ya EFI, amekaa mtu wa tano kwenye kiti cha watatu.

Kuna jambo lingine la jiografia linalosahaulika, nalo linaipa EFI ushindi hasa kwetu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtu akitoka Homa Bay kwenda Nairobi kupitia Kisii, Bomet na Narok, anapanda, anashuka Bonde la Ufa, kisha anapanda tena mpaka Limuru, penye mita zaidi ya 2,200. Kando ya ziwa presha ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko Mombasa; Limuru imepungua kwa takriban asilimia 23. Kabureta iliyorekebishwa Homa Bay haijui kwamba imefika Limuru. Jeti zake ni zilezile, hewa imekuwa nyepesi, mchanganyiko unakuwa mzito, plagi zinaanza kushika masizi na gari linazubaa mlimani. Corolla ya "mia" ina sensa ya MAP inayopima presha halisi ndani ya manifoldi. Hewa ikipungua inaona, na nozo zinapunguziwa muda bila mtu kushika bisibisi. Katika nchi yenye milima na mabonde kama yetu, kuondoa kifaa cha namna hiyo na kukiita mzigo ni kujinyima kwa hiari.

Hoja ya pili: EFI ya kale inakunywa mafuta. Inakunywa, ndiyo, lakini tuulize nani aliyeinywesha.

Mshukiwa wa kwanza ni themostati. Nenda gereji yoyote ya jua kali uulize wangapi wanaendesha bila themostati. Utaambiwa iliondolewa ili gari lisichemke. Kwenye gari la kabureta madhara yake hujificha. Kwenye EFI ni msiba wa polepole. Maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, injini haipati joto lake, na sensa ya maji inaendelea kuiambia kompyuta kwamba ni alfajiri. Kompyuta inatii: inaongeza mafuta, kama ilivyofundishwa kuongeza kwa injini baridi. Mwenye gari anaona geji ya joto iko chini anafurahi, huku tangi linakauka. Kisha anaambiwa EFI imezeeka. Kama rejeta imeziba au feni haifanyi kazi, hilo ndilo la kutengenezwa. Themostati inarudi mahali pake.

Mshukiwa wa pili ni sensa yenyewe ya joto la maji, au hasa plagi ya waya zake iliyoshika kutu ya kijani. Sensa hii hupimwa kwa multimita ya bei ya lita chache za petroli. Ikiwa baridi, kwenye nyuzijoto 20, upinzani wake uwe kati ya ohm 2,000 na 3,000. Injini ikifika nyuzi 80, ushuke hadi kati ya 200 na 400. Kutu kwenye plagi huongeza upinzani, na kila ohm ya ziada husomwa kama baridi. Hiyo ni kazi ya kukwangua na kupima tena. Tangu lini kukwangua kutu kukahitaji kabureta?

Mshukiwa wa tatu ni kimpira chembamba kinachotoka manifoldi kwenda kwenye sensa ya MAP. Miaka 30 ya joto hukifanya kigumu, kikapasuka au kikachomoka. Kikichomoka, sensa inapima hewa ya nje, na kwake hewa ya nje maana yake ni dereva aliyekanyaga mpaka chini. Kompyuta inamwaga mafuta kama gari linapanda mlima wakati limesimama kwenye mataa. Moshi mweusi, plagi nyeusi, harufu ya petroli. Dawa ni sentimita chache za mpira. Hapa ndipo fundi anatakiwa ajue aina ya mfumo alio nao, kwa sababu magari mengine ya zamani hupima hewa kwa kilango kinachosukumwa na upepo, kwa mtindo wa L-Jetronic. Kwenye hayo, hewa inayoingilia kwenye ufa baada ya kilango haihesabiwi, na gari hukauka badala ya kulowa: linakohoa, linazima. Ufa huo huo, dalili kinyume. Anayetibu yote mawili kwa kuzungusha skrubu anakisia tu.

Na mshukiwa wa nne ni historia yetu wenyewe. Magari haya yaliingia Kenya kwa wingi wakati pampu zetu bado zinauza petroli yenye risasi, hadi ilipoondolewa mwanzoni mwa 2006. Risasi huua sensa ya oksijeni na kuharibu kichujio cha moshi. Corolla nyingi zimekuwa zikitembea tangu hapo na sensa iliyokufa, kompyuta ikitumia makadirio yake ya kiwandani bila kusahihishwa na moshi. Gari hubaki likitembea vizuri, ila mafuta hayapimwi tena kwa ukali uleule. Ongeza petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, uovu uliokithiri hadi serikali mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzima, na utaona kwamba nozo zilibebeshwa lawama za pampu. Kabureta nayo ikinyweshwa uchafu huo haitoi manukato.

Sasa hoja ya tatu, kwamba bila mashine huwezi kitu. Hapa mafundi wenyewe wamepotoshwa na mashine. Kijana ananunua kidude cha kusomea kompyuta, anatafuta soketi kwenye Corolla ya 1990, haoni pa kuchomeka, anatangaza kwamba gari "imekataa diagnosisi". Halijakataa. Soketi anayoitafuta ililazimishwa Marekani kwa magari ya mwaka 1996, na Japani ilichukua muda zaidi. Gari lake lina lugha ya zamani kuliko hiyo, na lugha hiyo haihitaji kununuliwa.

Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake kuna vitundu vyenye majina. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, au hata kwa kibanio cha karatasi. Zima AC, usikanyage mafuta, gia iwe huru, fungua ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya injini kwenye dashibodi itaanza kumemeta. Ikimemeta mfululizo kwa mwendo uleule, kompyuta haina malalamiko. Ikimemeta mara mbili, ikapumzika, ikamemeta mara mbili, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji. Tatu na moja ni 31: sensa ya presha au ya hewa. Nne na moja, 41, ni sensa ya mguu wa mafuta. Mbili na moja, 21, ni oksijeni. Ukimaliza kutengeneza, chomoa fyuzi ya EFI kwa sekunde 10 au zaidi ili kumbukumbu ifutike, endesha, usome tena. Na kama taa haiwaki kabisa ukifungua ufunguo, jiulize aliyeuza gari aliing'oa balbu kwa nini.

Namba hizo hazisemi kila kitu, na hapo ndipo fundi anapojitofautisha na mtu wa kubadilisha spea. Kompyuta haijui presha ya mafuta. Hiyo hupimwa kwa geji: kwenye nyingi ya Toyota hizi, ukichomoa mpira wa vakyumu wa regyuleta, isome PSI 38 hadi 44. Ikisoma chini, angalia filta na pampu kabla ya kuilaumu kompyuta. Ukikuta petroli ndani ya mpira huo wa vakyumu, ngozi ya regyuleta imetoboka. Nozo nazo husikilizwa: weka ncha ya bisibisi ndefu juu yake na mpini sikioni, utasikia tak-tak-tak ya kila moja, iliyonyamaza inajulikana papo hapo. Kisha pima waya zake mbili, upate ohm 13.8 hivi. Nozo inayobofya lakini inatema badala ya kunyunyiza inasafishwa. Iliyokufa ndiyo inayobadilishwa.

Hata kutyuni kuna mpangilio wake, na wengi wanaanzia mwisho. Kwanza betri na waya za ethi, hasa ule uliofungwa kwenye manifoldi, ambao mtu alifungua injini na akasahau kuurudisha. Halafu plagi, waya zake, kifuniko cha distribyuta na rota. Halafu ufa wa hewa kwenye mipira na gasketi. Halafu taimingi, ambayo kwenye nyingi ya injini hizi hupimwa TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa, iwe nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Bila kuziunganisha, kompyuta inaendelea kuisogeza na fundi anafukuza kivuli. Skrubu ya kuinua mzunguko wa injini gari likiwa limesimama ni ya mwisho kabisa. Anayeigusa kwanza hufunika kosa, na mwenye gari atakutana nalo Kendu Bay, usiku, mvua inanyesha.

Basi tutazame kabureta yenyewe, dawa inayosifiwa. Injini iliyozaliwa na EFI haikuachiwa nafasi yake. Itahitaji manifoldi ya injini ndugu yake, kama ile 5A-F iliyokuja na kabureta. Pampu ya tangini ya EFI inasukuma presha mara kumi na zaidi ya inayohitajiwa na kabureta. Ikiachwa hapo, sindano ya boya haiwezi kuizuia na petroli itamwagika juu ya injini ya moto. Hivyo pampu nayo ibadilishwe. Halafu kuna jambo ambalo halisemwi mwenye gari anapoulizia bei: kwenye nyingi ya injini hizi kompyuta iliyotupwa ndiyo iliyokuwa ikiamua pia wakati wa cheche. Distribyuta yake haina uzito wa kuruka wala vakyumu ya kusogeza taimingi. Bila kuibadilisha, cheche inabaki mahali pamoja, gari liwe linatambaa sokoni au linakimbia kwenda Awendo. Matokeo yake ni injini dhaifu, yenye joto, inayokunywa mafuta, na mteja anayeambiwa sasa kwamba "kabureta hii si ile orijino". Alilipa ili aondoe tatizo, akanunua matatu.

Siwezi kusema wapinzani wangu hawana haki popote. Gari lililotoka kiwandani na kabureta liachwe na kabureta yake. Ile Toyota DX ya injini ya 4K haina deni na mtu. Pampu ya EFI ikifa katikati ya pori la Ruma hakuna kupuliza kutakakoiokoa, na betri iliyochoka huizima EFI mapema kuliko inavyoizima kabureta. Spea bandia zimejaa, na sensa mpya ya bei rahisi inaweza kuwa mbovu kuliko ya kale iliyochomolewa. Na kompyuta nazo hufa kweli. Wapo waliochomelea bodi ya gari bila kufungua betri, waliogeuza vichwa vya betri, walioosha injini kwa maji ya presha ufuoni. Kapasita za miaka ile huvuja na kuila shaba ya bodi ya kompyuta. Lakini hata hapo kifo kinathibitishwa kwa macho: fungua kasha, tazama. Kapasita mbili za kubadilishwa ni kazi ya fundi wa redio, na mji wowote wa huku una vijana wanaochomelea bodi za simu zenye vipande vidogo kuliko punje ya mchanga. Bodi ikiwa imeungua kabisa, kompyuta ya mtumba inatafutwa kwa namba yake, ile inayoanza na 89661 kwenye Toyota, na si kwa kuwa "inafanana". Kabureta ije baada ya milango hiyo yote kufungwa, nayo ije pamoja na distribyuta na pampu yake.

Kwa nini basi, kama kupima ni rahisi hivi, fundi mwenye akili na mikono ya dhahabu anakimbilia kung'oa? Kwa sababu tumemfundisha sisi. Mteja wa Homa Bay hulipa akionyeshwa kitu: sensa mpya ndani ya boksi, nozo mpya, kabureta inayong'aa. Fundi akikaa saa mbili na multimita, akagundua kimpira kilichopasuka, akakikata na kukirudisha, mteja anauliza, "Fundi, sasa hapa nalipa nini?" Anamwachia pesa ya soda na kuondoka. Fundi huyo ana watoto na kodi ya nyumba. Kesho hatapima, atauza kitu. Tunalipia chuma, hatulipii kufikiri, halafu tunalalamika kwamba hakuna anayefikiri.

Kanda ya ziwa inaijua gharama ya kutibu bila kupima. Kwa miaka mingi kila mwili uliochemka uliitwa malaria na kila mgonjwa alipewa dawa ileile. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa apimwe kwanza, na leo hata zahanati ya kijijini hutoboa kidole kabla ya kuandika dawa. Hatukuona kwamba daktari anayepima ni dhaifu kuliko anayekisia. Kipimo kilipunguza dawa zilizopotea na kumwokoa mgonjwa aliyekuwa na ugonjwa mwingine. Gereji inadai heshima hiyo hiyo.

Kwa hiyo mabadiliko yaanzie kwenye bei. Kila gereji ibandike ukutani ada ya kutafuta kosa, inayolipwa hata kama kilichopatikana ni fyuzi, na inayoambatana na karatasi yenye vipimo: namba zilizomemeta, presha ya mafuta, ohm za sensa ya maji baridi na moto, taimingi. Karatasi hiyo ikae ndani ya gari, ili fundi wa Migori asianze upya pale alipoishia wa Oyugis. Mwenye gari ailipe ada hiyo bila kununa. Ni ndogo kuliko nozo nne zilizonunuliwa bure. Chuo cha ufundi cha Mawego na vituo vya mafunzo vya kaunti vifunge injini moja ya EFI, kama 5A-FE, kwenye stendi, iwe na kimpira cha kuchomoa na waya za kukata, na mwanafunzi asipewe cheti mpaka ametafuta kosa alilofichiwa. Mafundi wa siku nyingi ambao hawakukaa darasani waalikwe hapo kwa heshima yao, kwa maana masikio yao tayari yanajua injini. Kinachokosekana ni geji na meza ya vipimo.

Magari haya yana umri wa karibu miaka 30 au zaidi, na sheria yetu hairuhusu kuingiza mengine ya umri huo. Gari lililozidi miaka 8 halipiti bandarini. Yaliyopo ndiyo yaliyobaki. Kila moja linalofungwa kabureta kwa kukisia ni moja lisilorudi tena katika hali yake, maana kompyuta, waya na nozo zake huishia kwenye mizani ya muuza vyuma chakavu. Wanaotaka kuendelea kung'oa wasituambie tena kwamba EFI ni ngumu. Watuonyeshe karatasi. Na fundi atakayesema kompyuta imekufa aulizwe amepima nini, wapi, na akapata ngapi. Asipokuwa na namba, bado hajatafuta kosa, na spana ya kung'olea irudi kwenye boksi.